Chuma cha Akiba cha Kinu cha Kwanza

Gorna Luka, 22 Septemba 1996

Mwanangu Milka,

Hongera! Zorka wangu kaisikia habari kwenye foleni ya mkate, kutoka kwa mama yako mwenyewe, akaja mbio nyumbani na mkate kausahau. Eti sasa ni wewe unayetia sahihi vibali vya vinu vya nyuklia pale ofisi ya ukaguzi Sofia! Haya, mheshimiwa. Mimi msimamizi wako, niliyeshika taji juu ya kichwa chako kanisani siku ya ndoa yako, mimi niliyemsimamia mwanao Boyan kwenye ubatizo akanikojolea koti, leo itabidi nisimame nikikuona.

Huku ni msimu wa kuchoma pilipili hoho. Kila roshani inafuka moshi, mji mzima unanukia, na Zorka kajaza mitungi arobaini. Minane ni yako, nampa dereva wa basi.

Kazini tulikuwa na wageni. Wakaguzi wa nchi tano za Ulaya, wiki mbili nzima, wanatupekua kama watoto wenye chawa. Mkubwa wao ni Mfini, Bi Saarela. Mkavu yule! Nimemkaribisha rakia, pombe kali ya nyumbani, kaomba maji. Siku ya tatu akaniuliza, "Chuma cha akiba cha Kinu cha Kwanza kiko wapi?" Nikamwambia kipo stoo. Wewe unakijua: lile bonge tuliloachiwa na waliofua chungu kikubwa kinachobeba moto wa kinu. Ni chuma kilekile, kiliwekwa pembeni ili siku moja tupime chungu kimetengenezwa kwa nini, maana chungu chenyewe huwezi kukitia msumeno. Kesho yake nikampa kipande. Wameenda nacho kwao, wamekipima, majibu yamerudi: chuma safi, chungu kina miaka mingi ya kuishi.

Kwa hiyo kilichobaki ni kibali tu. Kinu kimezimwa tangu Juni, na Mkurugenzi Bakalov anataka kukiwasha tarehe mosi Desemba, kabla baridi haijatukamata. Ya mwaka jana unaikumbuka, umeme masaa mawili upo, masaa mawili haupo. Siombi kitu, mwanangu. Nasema tu, faili likifika mezani kwako, lipitishe kama mtu wa nyumbani.

Usinipigie simu. Ya maabara inapitia kwa sekretari, na ya nyumbani laini tunachangia na jirani, naye yule masikio yake unayajua.

Baba Msimamizi wako,
Encho


Sofia, 30 Septemba 1996

Shikamoo Baba Msimamizi,

Mitungi imefika. Mmoja umevunjika njiani, dereva kanikabidhi vipande vyake kwenye gazeti kwa heshima zote. Boyan anakusalimu na anasema hakukojoa, yalikuwa maji ya ubatizo.

Faili limefika pia, nimelisoma mara mbili. Ni zuri, sina la kusema. Bi Saarela kabandika kijikaratasi mbele: ameshapima vyungu kumi na viwili vya umri huo, vya nchi mbalimbali, na hajawahi kukuta chuma kisafi namna hii. Alipopita hapa ofisini aliniambia kuwa kule kwake chuma cha akiba kinafungwa kwa funguo mbili, moja ya kiwanda na moja ya wakaguzi, na hakuna anayeweza kufungua peke yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nina maswali mawili madogo. Bonge la akiba limebaki kiasi gani? Na unaweza kunipigia picha ya namba iliyogongwa ubavuni mwake? Ni utaratibu tu, usiwaze.

Msalimie Mama Zorka. Mwambie pilipili zimekwisha nusu na wiki haijaisha.

Mwanao,
Milka


Gorna Luka, 6 Oktoba 1996

Mwanangu,

Utaratibu, utaratibu! Hata mwaka haujaisha umeshaanza kuongea kama makaratasi. Nimefanya kazi ya chuma miaka ishirini na tisa, na sijawahi kuulizwa na mtu niliyembeba mgongoni kama stoo yangu iko sawa.

Bonge lipo. Limebaki kama mkate wa kilo, tosha kabisa. Picha ni kazi kidogo, kamera ya maabara imeharibika, na ya binafsi hairuhusiwi kupita getini, sheria zenu wenyewe hizo. Namba ni ileile iliyoandikwa kwenye ripoti. Kwani siaminiki?

Huyo Mfini asikutie kiwewe. Wanakuja hapa na viatu vyao vizuri, wakikuta kitu kibovu wanasema kibovu, wakikuta kizuri wanasema haiwezekani. Sasa sisi tufanyeje?

Bakalov ananipigia kila asubuhi. "Yule binti yako wa Sofia vipi?" Namwambia binti yangu ni mtu mzima, anajua kazi yake. Usiniaibishe.

Encho


Sofia, 19 Oktoba 1996

Baba Msimamizi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya jambo ambalo sikutaka ulijue. Sasa nakwambia.

Marehemu baba alipostaafu mwaka 1984 mlimpa kipande cha chuma kilichong'arishwa, ukubwa wa kiganja, kimechongwa jina lake na maneno "Kinu cha Kwanza". Alikuwa anakipenda kuliko nishani zake. Alinambia zaidi ya mara moja: "Hiki kimetoka kwenye chuma cha chungu chetu, Encho kanikatia kwa mkono wake." Tangu afariki nakiweka juu ya barua zangu zisipeperuke.

Nimekipeleka kwa rafiki yangu chuo kikuu, akakwangua unga kidogo, akaupima. Unaijua fosforasi kuliko mimi, ule uchafu unaokifanya chuma kizeeke upesi kikikaa kwenye mionzi. Kwenye kipande cha baba ni zaidi ya mara tatu ya ile iliyo kwenye kipande ulichompa Bi Saarela. Mara tatu, Baba! Vipande viwili vya bonge moja.

Kimoja kati ya hivyo si cha Kinu cha Kwanza. Na baba hakuwa mwongo.

Kama chungu chetu kimefuliwa kwa chuma kama cha baba, basi baada ya miaka ishirini na miwili ya mionzi kimekuwa kama glasi. Siku ya hatari, maji baridi yakimiminwa ndani kukipoza kinu, kinaweza kupasuka. Mama anakaa kilomita nne kutoka hapo. Ninyi mnakaa tatu.

Nakuuliza wewe kabla sijamuuliza mtu mwingine. Ulimpa nini Bi Saarela?

Milka


Gorna Luka, 24 Oktoba 1996

Milka,

Kumbe siku zote hizi unanichekea usoni na huku unanipima! "Ni utaratibu tu, usiwaze." Maneno yako hayo, ninayo hapa mezani.

Unajua msimamizi wa ndoa ni nani kwetu? Mama yako hakukufundisha? Baba mzazi unaweza kugombana naye mkapatana. Msimamizi humkatalii, humsemi, humpiti njiani bila kusimama. Na wewe umenipeleka chuo kikuu nikakwanguliwe!

Kipande cha baba yako kinaweza kuwa cha bomba, cha mfuniko, cha chochote. Nilikuwa nakata vyuma mia kwa mwaka, nitakumbuka kipi nilimpa nani? Na yeye tulimwambia ni cha chungu ili afurahi. Basi.

Watu elfu kumi na nne wako hapa. Hospitali ya mama yako kupimwa moyo iko hapa. Kinu kisipowaka Desemba, unajua ni akina nani watakaokaa gizani na makoti ndani ya nyumba zao, na si wewe wala Bi Saarela. Tia sahihi, au usitie, lakini usiniandikie tena barua kama hii.

E. Karadjov


Sofia, 29 Oktoba 1996

Baba Msimamizi,

Nakuandikia hata kama hutaki. Jana nilienda kwa mkubwa wangu nikamwambia kitu nilichopaswa kusema Septemba: kwamba mkuu wa maabara ya chuma ya Gorna Luka ni msimamizi wa ndoa yangu. Nilidhani nikishasema hilo, kinywa kitakuwa chepesi na nitaweza kusema na lile la pili.

Sikufika la pili. Alinyanyua mkono, akasema, "Basi, inatosha, faili hili si lako tena." Limepewa Bwana Velkov. Nikamfuata Velkov nikamweleza kipande cha baba. Kanisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Lakini kaniuliza: kipande kilikabidhiwa na nani, lini, kwa hati gani? Hakuna hati. Ni chuma kilichokaa miaka kumi na miwili juu ya kabati la mzee na meza yangu, kinaletwa na mtu aliyekwisha kuondolewa kwenye faili kwa udugu. Ingekuwa mimi, nami ningekikataa.

Kwa hiyo nimejifunga mwenyewe. Velkov ana ripoti nzuri ya wageni wa nchi tano, na anatia sahihi Jumatatu, tarehe kumi na moja Novemba. Hakuna mtu katika nchi hii anayeweza kumzuia isipokuwa wewe.

Ulinikasirikia kwa haki kuhusu lile neno "utaratibu". Nilikuogopa. Nilidhani nikiuliza kijanja, utanijibu kijanja, tutaelewana bila mtu kuumia. Nisamehe kwa hilo. Kwa lingine lolote siombi msamaha.

Milka


Gorna Luka, 4 Novemba 1996

Milka,

Ukishasoma, ichome barua hii.

Ilianza mwaka 1979. Mzee Hristo wa pampu alikuwa wa kwanza kustaafu, na mkurugenzi wa wakati ule akaniita: tumpe nini? Saa kila mtu anayo. Nikasema ngoja. Nikaenda stoo, nikalikata lile bonge kipande chembamba, nikakisugua, nikachonga jina. Ungemuona Hristo alivyolia! Kipande cha chungu chake mwenyewe mkononi. Baada ya hapo nani angekubali saa? Kila aliyestaafu Kinu cha Kwanza alikitaka, na mimi nilijisikia fundi. Nilikata vipande thelathini na kimoja. Cha mwisho mwaka 1991. Ninao hata mstari wa kila mmoja kwenye daftari langu, jina na tarehe na unene.

Hakuna aliyewahi kuja kukiulizia kile chuma. Miaka yote ile, hata mmoja! Nilidhani ni mabaki.

Mpaka yule Mfini akaniuliza kiko wapi, nami nikasema kipo, mdomo ukatangulia. Nikaenda stoo. Kilichobaki rafuni ni kipande kama sabuni iliyokwisha, na namba imekatwa katikati. Nilikaa juu ya kreti nikakigeuzageuza mkononi. Pembeni lilikuwapo bonge la Kinu cha Pili, zima, kubwa, chuma kizuri cha baadaye. Nikakata pale. Namba nikaigonga mwenyewe. Nilijiambia vyungu hivi ni ndugu, tofauti itakuwa ndogo.

Hukuniambia kitu kipya, Milka. Niliijua ile fosforasi tangu siku ripoti iliporudi. Nilipoiona ilivyo chini, nilijua kuwa cha kwetu hakiwezi kuwa hivyo.

Lakini siwezi. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Bakalov hajui, akijua ataninyonga kwa mikono yake kabla mahakama haijanifikia. Mjini watasema Encho aliwazimia umeme. Zorka atanunuaje mkate kwenye foleni ileile? Siwezi, mwanangu. Nakwambia ukweli ili usinidhanie mpumbavu, ila zaidi ya hapo usiniombe.

Encho


Sofia, 7 Novemba 1996

Baba Msimamizi,

Barua sikuichoma. Sijaionyesha mtu pia. Iko kwenye mkoba wangu, na leo nimepita mbele ya mlango wa Velkov mara nne.

Ningeweza kuiweka mezani kwake na kila kitu kingekwisha. Kisha maisha yangu yote ningekuwa mtu aliyepeleka barua ya msimamizi wake polisi, nawe ungekuwa mtu aliyekamatwa. Nitaifanya kazi hiyo Jumatatu saa tatu asubuhi, Baba. Nakuapia kwa kichwa cha Boyan. Lakini mpaka saa hiyo ni yako kuisema, na ukiisema wewe, utakuwa mtu aliyesema.

Nampa dereva wa basi barua hii sasa hivi, aifikishe mkononi mwako Jumamosi. Sina lingine. Nimechoka kuwa mjanja na wewe.

Milka


Gorna Luka, Jumapili 10 Novemba 1996

Mwanangu Milka,

Anayekupa barua hii ni Zorka mwenyewe. Anapanda treni ya mchana na mabegi mawili, na usimwache ayabebe tena kesho, yana uzito wa kuua.

Jana nilipokusoma nilikutukana dakika kumi na tano, sebuleni, kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta. Zorka akaningoja nimalize. Akauliza, "Ni wangapi bado hai?" Nikamwambia wangapi nini? Akasema, "Wastaafu, Encho. Usinifanye mjinga, barua zote nimezisoma." Basi tukavaa makoti.

Tulianza kwa Mzee Tsanko. Kipande chake kilikuwa juu ya jiwe ndani ya pipa la kabichi, anakandamizia kabichi za kuchachua, kimekuwa cheusi kwa chumvi. Nikamweleza kila kitu mlangoni, palepale, kofia mkononi. Akanitazama. Akasema, "Kwa hiyo nimekaa na afya ya chungu chetu kwenye kabichi." Akaniosha kwa matusi, kisha akakiosha kipande, akanipa. Mwingine alinitemea mate miguuni, akanifungia mlango, halafu akatufuata mpaka kona ya mtaa anahema, akakitia kwenye begi. Mjane wa Hristo alisema mumewe alizikwa nacho. Yule wa saba aliniuliza, "Nitarudishiwa?" Nikamwambia hapana, kitavunjwa kwa nyundo vipandevipande. Akaomba dakika moja akakipapasa jina.

Kufika jioni mji mzima ulishajua. Bakalov kaja mlangoni na dereva wake. Sikumfungulia. Kasema kupitia tundu la ufunguo mambo ambayo sitayaandika kwa mwanamke. Mlango wetu asubuhi hii una rangi nyekundu, sijui ya nani. Zorka alipita foleni ya mkate akienda stesheni kukata tiketi. Hakuna aliyemsalimia. Hakuinamisha kichwa, anasema.

Vipande ni kumi na saba, kila kimoja kina jina na mwaka, na daftari langu liko juu yake. Huyo Velkov alitaka hati. Hati ndiyo hiyo.

Uliniandikia kuwa ulikuwa unaniogopa. Hilo ndilo lililonikata, kuliko ile fosforasi. Nilishika taji juu ya kichwa chako ili uwe na mtu wa kumkimbilia, si wa kumkimbia. Sina ujanja mwingine wa kulisema.

Wakituita, usiniite Baba mbele yao. Utakuwa unahojiwa, nami nitakuwa nahojiwa. Yatakapokwisha, kama bado unataka, njoo na Boyan.

Ile barua nyingine iliyo kwenye bahasha si yako. Mpe Velkov kabla ya saa tatu.

Encho


Gorna Luka, 10 Novemba 1996

Kwa Bwana Velkov, Ofisi ya Ukaguzi wa Nyuklia, Sofia.
Nakala: Bi Saarela, kiongozi wa ujumbe wa wakaguzi.

Bwana,

Kipande cha chuma kilichopimwa kwa ajili ya kibali cha Kinu cha Kwanza hakikutoka kwenye chungu cha Kinu cha Kwanza. Kilitoka kwenye akiba ya Kinu cha Pili. Nilikikata mimi. Namba iliyo juu yake niliigonga mimi. Hakuna aliyenituma, na mkurugenzi wangu hakujua.

Akiba halisi ya Kinu cha Kwanza niliimaliza kwa kuigawa zawadi, kati ya 1979 na 1991. Naambatanisha vipande kumi na saba vilivyorudishwa na wenyewe pamoja na daftari la kukatia. Naomba vipimwe mbele ya ujumbe, si mbele yangu.

Ninaishi kilomita tatu kutoka kwenye kinu hicho. Baridi imeshaanza, na leo nyumbani kwangu umeme umekatika mara mbili. Najua ninachoomba.

Kisiwashwe.

Encho Karadjov
Mkuu wa Maabara ya Chuma